Spika za Gati Hazibishi Hodi

Gati nilimwoa mimi mwenyewe. Nalisema mwanzoni ili msomaji asije akasimama katikati ya njia kuniuliza. Nilizaa mabinti watatu, wote wakaolewa, kijana sikujaliwa. Mume wangu alipofariki, nyumba yangu ikabaki haina mtu wa kusema hii ni yetu. Kwetu Wakurya nyumba kama hiyo haiachwi ikaota nyasi. Mama anatoa ng'ombe, anaoa binti, binti anazaa, na watoto wanakuwa wa nyumba ile. Ndiyo wanayoiita nyumba ntobhu. Ng'ombe walioingia kwa kuolewa binti yangu wa mwisho, Tabitha, ndio waliotoka kwenda Kewanja wakamleta Gati hapa Nyansurura. Huu ni mwaka wa kumi.

Mwanamume wa kuzaa naye yupo, ila hana kiti. Anakuja, anaondoka, mtoto hamwiti baba, na mama mwenye nyumba hamwoni hata akimwona. Wa Gati anaitwa Elia, fundi wa kujenga. Nilikuwa naujua mgongo wake. Salamu yake sikuwahi kuipokea, na alinisalimu mara nyingi.

Sasa huyu Gati ni mtu wa namna gani? Watu wa hapa wanamjua kama fundi cherehani, basi. Wanajua kwamba sare zake hazichaniki kwapani. Hawajui kwamba amezaliwa ndani ya kelele. Kewanja kwao, nyuma ya nyumba ya mama yake, kulikuwa na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ilisaga tangu asubuhi mpaka jioni. Mama yake alikuwa anauza chai na viazi kwa wachimbaji, nao wachimbaji hawanywi chai kimya. Kuna saa ya baruti pia, ardhi inaruka kidogo, vikombe vinagongana, watu wanaendelea kula. Gati alikua akijua kwamba ukitaka chumvi lazima upaze sauti.

Alipofika kwangu, siku ya tatu nilimkuta amekaa uani ameshika masikio kwa mikono miwili.

"Unaumwa masikio?"

"Hapana, mama. Nayapima kama bado yapo."

Nilicheka, ila sikumwonyesha. Hapa kwetu mchana una ng'ombe, una kuku, una upepo kwenye mihogo. Mimi hizo ni sauti za kunitosha. Yeye zilikuwa zinamtisha. Alikuwa akishona anaimba, akiacha kuimba anaongea na sindano.

Pesa yake ya kwanza ya sare alinunulia redio ya betri. Umeme ulipofika kijijini akanunua sabufa. Sabufa ile niliipenda, leo nakiri. Ilikuwa boksi kubwa jeusi na watoto wake wawili, na kila mtoto alifungwa pamoja na mama yake kwa waya. Simu nayo ilifungwa kwa waya. Ukitaka kujua nani anaiimbisha, unafuata waya kwa macho unafika kwenye mkono wa mtu. Mimi ni mtu wa kupenda kujua jambo linaanzia kwa nani.

Mwaka huu baada ya masika Gati akasema, "Mama, sabufa imechoka. Inakoroma."

"Hata mimi nakoroma. Utanibadilisha?"

"Wewe huuzwi dukani, mama. Ningekuwa nimeshauliza."

Ndivyo tunavyoongea sisi. Mgeni akitusikia atadhani tunagombana.

Akaifunga sabufa kwa kamba nyuma ya bodaboda, akaenda nayo Mugumu kwa Faridu. Huyu Faridu ana duka la kutengeneza redio na kuuza vyombo vya muziki. Babu yake alikuja kutoka Tanga na bisibisi mfukoni, na kwao wote ni mafundi. Gati akarudi jioni na katoni moja. Ndani mlikuwa na spika mbili, za rangi ya mbao, na kitambaa cha kijivu usoni. Kila moja unaweza kuibeba kwapani kama kuku.

"Waya uko wapi?"

"Waya wa umeme huu hapa, mama."

"Wa sauti?"

"Wa sauti hakuna. Zinashikana hewani. Na simu inazishika hewani. Ni blutuu."

"Kitu kisicho na kamba kinachungwaje?"

Akacheka. Akasema zimetengenezwa zikae kwenye rafu ya vitabu. Vitabu sisi tunavyo viwili, Biblia na daftari lake la vipimo vya viuno. Basi moja akaiweka juu ya kabati la vyombo, nyingine dirishani karibu na mlango. Akagusa simu. Ndani ya spika ya kabatini mwanamke mmoja akasema neno la Kiingereza, neno moja tu, kama mpokea wageni. Kisha likaja litungu, zile nyuzi zetu za Kikurya, na niliapa moyoni kwamba mpigaji amekaa kwenye mkeka wangu. Nilisikia kucha zake zikikwaruza uzi.

"Unaonaje, mama?"

"Si mbaya," nikasema.

Mokami alicheza mpaka akaanguka. Huyu ni mtoto wa Gati, yaani wa nyumba yangu, ana miaka minane, nimempa jina la mama mkwe wangu. Tulingoja kijana akaja yeye. Sijutii, ila bado nangoja.

Wiki mbili zikapita vizuri. Jumatatu ya tatu Gati akaenda kupeleka sare shuleni. Simu alikuwa nayo mkononi, niliiona kwa macho yangu ikitoka mlangoni. Mimi nilikaa sebuleni napukuchua mahindi. Ilikuwa kama saa nane. Yule mwanamke wa ndani ya spika akasema neno lake.

Nikajua Gati karudi. "Umewahi," nikaita.

Hapo litungu likaanza kupigwa.

Niliinuka mahindi yakamwagika. Nikatazama jikoni, nikatazama chumbani kwake, nikatazama chini ya kitanda, Mungu anisamehe. Hakuna mtu, hakuna simu. Na nyuzi zinalia tu juu ya vikombe vyangu. Nikatoka nje nikazunguka uzio wa minyaa mara mbili. Barabarani hapakuwa na mtu. Ng'ambo ya uzio jirani yetu Nyangwine anajenga nyumba, mafundi walikuwa wanagonga matofali upande wa pili wa ukuta. Sikuwatazama. Fundi wa watu si mtu wa kutazamwa na mimi.

Mokami akatokea njiani kutoka shule. Alipofika uani akatupa mkoba, akaanza kuyumbisha mabega.

"Nani anapiga?" nikamwuliza.

"Spika, bibi."

"Nauliza nani."

"Spika!" Akacheka akafunika mdomo.

Wimbo ukaisha. Yule mwanamke akasema neno jingine, la kuaga nadhani, nyumba ikanyamaza.

Sikumwambia Gati. Nilimtazama tu anavyokula. Jumatano ikawa vilevile, saa ileile, Gati akiwa dukani kununua uzi. Ijumaa tena. Nikaelewa hivi: kuna simu ambayo si ya Gati, na spika za Gati zinaijua. Zinaifungulia mlango bila hodi. Mwenye simu yuko karibu na anajua lini Gati hayupo, au anajua lini mimi nipo, sikuweza kuamua ipi mbaya zaidi. Na mtu akishaweza kupitisha sauti yake ndani ya nyumba yangu, kesho atapitisha begi la mke wangu nje. Wanawake wa namna ya Gati wameondoka wengi, tunawajua kwa majina. Anakuja mwanamume mwenye maneno, anasema twende tukaishi kama watu. Gati akiondoka, na Mokami anaondoka, na mimi nabaki mzee mwenye kuta nne.

Kutulia kukanishinda. Nilitia chumvi mara mbili kwenye mboga. Nilimfunga mbuzi nikamfungua, nikamfunga tena upande mwingine. Nikikaa, masikio yanasimama. Pikipiki ikipita nakwenda uzioni. Gati akaniuliza, "Mama, umepoteza nini huko kwenye minyaa?" Nikamwambia natafuta yai.

Jumamosi nikachukua spika ya dirishani, nikaifunga kwenye khanga kama mtoto mgonjwa, nikapanda bodaboda hadi Mugumu. Nilichagua ya dirishani kwa sababu iko karibu na mlango. Niliona mtu wa nje lazima aingilie karibu na mlango, kama mgeni yeyote.

Sabufa yetu niliikuta pale kwa Faridu, iko juu ya meza, inaimbia wauza vitunguu. Niliipita kama mtu anavyompita mtalaka wake sokoni.

"Shikamoo, bibi," Faridu akasema.

"Marahaba. Hii nataka uifunge."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Inaitikia watu."

Akaigeuza, akatazama mgongoni. "Mwenzake yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Basi, bibi, umeniletea mke mdogo. Mke mkubwa umemwacha. Huyu hana mamlaka, anaimba anachoambiwa na mwenzake. Simu zote zinapitia kwa mkubwa."

"Nitamjuaje mkubwa?"

"Ndiye anayeongea Kiingereza."

Vijana waliokuwa pale wakacheka. Nikawaambia wacheke vizuri, meno yenyewe si ya kudumu. Nikafunga spika yangu, nikarudi.

Gati alikuwa amesimama katikati ya sebule.

"Mama, spika ya dirishani imekwenda wapi?"

Nilikuwa nimeificha nyuma ya pipa la maji. "Labda panya."

"Panya amebeba spika?"

"Panya wa siku hizi wamesoma."

Akaenda moja kwa moja nyuma ya pipa, akaitoa, akaifuta kwa upande wa gauni, akairudisha dirishani. Ningependa angenigombeza.

Jumanne kukawa na kikao cha wazazi shuleni. Alipotoka tu nikazifunga zote mbili, mke mkubwa na mke mdogo, nikaenda. Safari hii Faridu hakucheka. Akazichomeka kwenye umeme, akaniuliza taratibu nataka nini hasa.

"Nataka zisahau simu zote."

"Hata ya Gati?"

"Zote."

"Ni mbili tu zilizounganishwa hapa dukani, bibi, mimi mwenyewe nilikuwepo. Ya Gati ilikuwa imezima chaji siku ile ya kununua. Tukajaribia kwa simu ya yule mwenzake aliyembebea sabufa kutoka kituo cha boda. Mrefu, mikono ina saruji. Ya Gati tuliiunganisha baadaye ilipopata chaji."

Nikauliza ingawa nilishajua. "Anaitwaje?"

"Elia, nadhani. Mpole sana. Alinunua na sharubati tukanywa wote."

Sharubati. Walikwenda pamoja, wakachagua pamoja, wakanywa. Nilishika ukingo wa meza. Na hapo ndipo nilipozikumbuka nyundo za nyuma ya ukuta wa Nyangwine.

"Zisahau," nikasema.

Akabonyeza kitu mgongoni mwa ile kubwa, akashikilia, taa ikapepesa ikawa kama jicho la mtu anayelia. Akasema tayari, hazimjui mtu. Kisha akaomba simu yangu ajaribie. Mimi ninayo ya batani aliyoninunulia Tabitha. Kumbe nayo ina blutuu, miaka yote nimebeba kitu nisichokijua. Yule mwanamke akasema neno lake kwa simu yangu.

"Sasa, bibi, simu yako ikiwa imewashwa na iko karibu, nyingine haipati nafasi. Ukitaka kuiachia unazima hapa."

Sikutazama pale aliponionyesha. Kuachia hakukuwa kwenye mpango wangu.

Njiani nikampigia Tabitha. Nilikuwa na moyo wa kushinda, na mtu mwenye moyo huo hutafuta wa kumsimulia. Nikamwambia yote, spika, Elia, sharubati. Nikaongeza ya kwangu kidogo. Nikasema Gati siku hizi ana macho ya njiani.

Nilifika kabla yake, nikazirudisha mahali pake. Simu nikaifunga kwenye pindo la khanga. Jioni Gati akagusa simu yake. Akagusa tena.

"Zinakataa. Kuna simu nyingine imezishika."

"Labda nazo zimechoka," nikasema. "Vitu vya siku hizi."

Siku mbili nyumba yangu ilikuwa kimya, na mimi ndiye nilikuwa na ukimya ule kwenye pindo. Saa nane ilipita bila litungu. Mokami alifika kutoka shule, akasimama uani, akasikiliza, akaingia ndani akiburuta mkoba. Nilidhani nitatulia. Sikutulia. Nilizunguka uzio kama zamani, sasa nikitazama ule ukuta wa Nyangwine ukipanda.

Alhamisi asubuhi Gati yuko barazani na cherehani, anapinda sketi ya bluu. Mimi niko jikoni. Simu yangu ikalia, Tabitha. Nikabonyeza batani ya kijani, nikaweka sikioni. Sikioni hakukuwa na kitu. Sauti ya binti yangu ikatoka juu ya kabati na dirishani, kubwa, safi, na kucha zake zote.

"Mama! Umemfungia spika kweli? Umefanya vizuri! Yule mwanamke nilikwambia, watu wa Kewanja ni watu wa kuhama na mawe. Na hilo la macho ya njiani usilichezee. Mrudishe kwao, wazee wadai ng'ombe. Utapata mwingine, mdogo, wa kuzaa vijana, siyo—"

Nilibonyeza batani zote. Nikaifunika simu kwa khanga, nikaikalia. Tabitha akaendelea kutoka kabatini. "Mama? Mama, unanisikia?" Mwishowe nikakimbilia ukutani nikang'oa waya wa umeme, nikarudi nikang'oa na wa pili.

Barazani cherehani ilikuwa imesimama. Kisha ikaendelea. Gati alimaliza upindo wa sketi, wote, akakata uzi kwa meno. Akaikunja.

"Hii ni ya binti wa Nyangwine. Watakuja kuichukua."

"Gati."

"Spika umezifunga, mama, ni sawa, ni kitu. Mimi hukuwahi kunifunga. Miaka kumi nilikaa kwa kupenda mwenyewe."

Akaingia kufunga begi. Lile begi nililoliota mchana, nikaliona linapita mlangoni kwa miguu yake, na mtoto akilifuata ananitazama nyuma. Hakwenda kwa mwanamume. Alikwenda kwa mama yake Kewanja.

Siku ya kwanza nilisema atarudi. Siku ya pili nikasema asiporudi shauri yake. Watu wakaja kuniuliza sare zao, nikawajibu vibaya. Siku ya tatu mchana nilikuwa uani, hakuna cherehani, hakuna wimbo, hakuna mtu anayegombana na sindano. Nikajikuta nimeshika masikio yangu.

Kwa desturi natakiwa kuwaita wazee waende Kewanja waulize. Lakini wazee wakienda hawataongea Gati, wataongea ng'ombe. Nikafunga khanga vizuri, nikapita kwenye pengo la minyaa, nikaenda kwenye ule ukuta wa Nyangwine.

Elia alikuwa juu ya jukwaa la miti, anaweka tofali. Aliponiona akashuka upesi akajifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mama."

Sikuipokea. Mazoea ni mazoea. "Wewe mura, unataka kumpeleka wapi mke wangu?"

Wenzake wakaacha kugonga.

"Sipeleki mtu, mama."

"Simu yako imeimba ndani ya nyumba yangu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kataa."

"Sikatai." Akainamisha kichwa, mtu mrefu vile. "Wimbo ulikuwa wa Mokami. Anapita hapa akitoka shule. Siku moja akaniuliza kama najua litungu. Baba yangu alikuwa mpigaji, nimemrekodi kwenye simu. Nikajaribu kuirusha, nikaona spika zinaitikia. Yeye anakimbia nyumbani, mimi naupiga akiwa njiani. Gati nilikuwa sijamwambia."

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ningekuomba wapi, mama? Kwako sijawahi kupewa hata maji."

Mmoja wa wale wenzake akakohoa. Nikamtazama mpaka akageukia matofali yake.

"Na mwaka juzi," Elia akasema kwa sauti ya chini, "hilo la kumpeleka nililisema kweli. Nilipata kazi Mwanza. Nikamwambia twende. Akanijibu, mimi nina nyumba, na ndani kuna mzee mkali, nikiondoka atagombana na nani? Nikaenda peke yangu, nikarudi. Siku ile ya Mugumu nilimsaidia kubeba tu."

Nilirudi kwangu bila kumuaga. Sikuweza kukaa. Mwaka juzi. Mwaka juzi mimi nilikuwa namwuliza mbona uji una madonge, na yeye alikuwa amekataa Mwanza asubuhi hiyo labda. Nikachomeka spika kwenye umeme nisikie chochote. Yule mwanamke akasema neno, akanikumbuka mimi. Nikatoa simu, nikatafuta jina. Nilijifunza herufi ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na jina la Gati ni fupi, nalipata upesi.

Nilijua vizuri kitakachotokea nikibonyeza. Sauti itatoka kabatini, itatoka dirishani, itapita minyaa. Mahali pa kuizimia Faridu alinionyesha na mimi kwa kiburi sikutazama. Ningeweza kutoka na simu nikaenda mbali shambani. Miguu ilikataa, moyo ulikuwa na haraka. Nikabonyeza.

Ikaita ndani ya nyumba nzima. Kisha karasha. Kabla ya Gati kusema haloo, ilikuja karasha ya Kewanja, ikasaga mawe juu ya vikombe vyangu, mbele ya kitanda changu, kila mahali. Nikaelewa ndani ya nini mtoto huyu alizaliwa.

"Haloo?"

"Gati."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mokami hajambo?"

"Hajambo." Akasikiliza. "Mbona sauti yangu inarudi? Mama, uko kwenye spika?"

"Niko kwenye spika."

"Watu wanasikia!"

"Nyundo za Nyangwine zimenyamaza zote. Waache wasikie. Yale aliyosema Tabitha nilimlisha mimi. Macho ya njiani nilikuwa nayo mimi, siyo wewe. Nimekosa."

Neno hilo sikumbuki kama nimewahi kulisema nikiwa na akili timamu. Lilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Mbwa wa jirani alibweka.

Karasha ikasaga. Nikaogopa pesa ya simu itakwisha.

"Na yule uliyekuwa unamtafuta kwenye minyaa?" akauliza. "Yule yai?"

"Nimempata."

"Ukamfanya nini?"

"Akitaka kuimba kwangu apite mlangoni."

"Apite akae wapi, mama? Tangu lini ana kiti?"

Nikatazama sebule. "Viti viko vinne," nikasema. "Tuko watatu."

Nilisikia akivuta pumzi, hapo juu ya kabati. Kisha akasema sare za Nyangwine ni mbili, siyo moja, nisiwape mpaka arudi aone kiuno. Nikajua.

Alirudi jioni ya Jumamosi hiyohiyo. Kitu cha kwanza alinionyesha pale pa kuzima blutuu, mara tatu, na safari hii nilitazama. Tabitha amenuna, atanunua furaha yake mwenyewe.

Jumapili baada ya kanisa Elia akaja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Hodi," akasema mlangoni.

Gati akanitazama.

"Hodi."

Nikarekebisha khanga. Spika hazikubisha hata moja, basi yeye alipe zote.

"Hodi, mama."

"Karibu."

Akainama akapita. "Shikamoo."

Ilinichukua miaka kumi. "Marahaba," nikasema. "Kaa kile cha mwisho. Usikae karibu na dirisha."

Akakaa nusu kiti, kama mtu aliyekalia yai. Mokami akamletea maji, akasimama mbele yake mpaka akayamaliza, akachukua kikombe akakitazama ndani. Hakuna aliyemwambia amwite nani. Hilo bado.

Sisemi nimetulia. Mtu aliyeingia mlangoni anajua pia mlango unatokea wapi, na mimi nimeona mengi. Nilikuwa nafikiri hivyo wakati yule mwanamke wa kabatini aliposema neno lake la Kiingereza. Niligeuka ghafla, nikatazama mikono ya Elia. Ilikuwa mitupu juu ya magoti.

"Ni yangu, mama," Gati akasema kutoka barazani, kabla sijauliza.